Uziwi wa watoto wachanga: Miezi sita ya mwanzo ndiyo yenye uzito

Katika Industrial Area, eneo la viwanda la jiji la Doha ambalo wakazi wake huliita Sanaiya, wamo wafanyakazi wengi kutoka Afrika Mashariki waliopata watoto wakiwa mbali na nyumbani. Hospitali ya Hazm Mebaireek, iliyofunguliwa huko mwaka 2018, huhudumia hasa wafanyakazi wanaume. Watoto wao huzaliwa Kisumu, Mbale au Mwanza, na sauti ya baba huwafikia kwa simu.

Mtoto asipoitikia sauti hiyo, mara nyingi mama huambiwa asubiri, kwani mtoto "atachangamka tu". Kwa mujibu wa wataalamu, kusubiri huko ndiko kunakodhuru.

Mwezi mmoja, mitatu, sita

Kamati ya Pamoja ya Usikivu wa Watoto Wachanga ya Marekani, katika miongozo yake ya mwaka 2007 na 2019, inashauri kila mtoto achunguzwe kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Akishukiwa kuwa na tatizo, uchunguzi kamili ukamilike kabla ya miezi mitatu, na msaada uanze kabla ya miezi sita.

Ushauri huo una msingi. Utafiti wa Christine Yoshinaga-Itano na wenzake katika jimbo la Colorado, uliochapishwa mwaka 1998, ulionyesha kuwa watoto waliogunduliwa kabla ya miezi sita walikuwa na lugha bora kuliko waliochelewa.

Vipimo viwili

Cha kwanza hutumia kijibomba kidogo kinachotiwa sikioni. Hutoa sauti hafifu, kisha hunasa mwangwi unaorudishwa na sikio la ndani. Cha pili hutumia vinasio vinavyobandikwa kichwani, ambavyo hupima jinsi neva ya kusikia na shina la ubongo vinavyoitikia sauti. Vyote havina maumivu, na hufanyika mtoto akiwa amelala.

Kipimo cha kwanza peke yake hakitoshi kwa mtoto aliyelazwa katika chumba cha uangalizi maalumu, kwani sikio laweza kuitikia ilhali neva haipeleki ujumbe sawasawa. Ndiyo maana mtaalamu halitegemei jibu moja, bali hulinganisha vipimo kadhaa.

Kupiga makofi nyuma ya mtoto si kipimo. Huenda akageuka kwa kuona kivuli au kuhisi upepo. Aidha, kufaulu siku ya kuzaliwa si dhamana ya maisha, kwani usikivu waweza kupotea baadaye. Mtoto aliyeugua homa ya uti wa mgongo apimwe haraka, maana sikio la ndani laweza kuanza kuota mfupa na kuzuia upandikizaji wa kifaa cha kusikia.

Hali ya Afrika Mashariki

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2021 kuwa karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto hutokana na visababishi vinavyozuilika. Mojawapo ni rubela wakati wa ujauzito. Chanjo yake iliingizwa katika ratiba ya watoto nchini Rwanda mwaka 2013, Tanzania 2014, Kenya 2016 na Uganda 2019. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kupandikiza vifaa vya kusikia mwaka 2017.

Hata hivyo, watoto wengi wa eneo hili bado huondoka hospitalini bila masikio yao kupimwa.

Maswali ya kuuliza

Mzazi aliye mbali anaweza kuuliza mambo manne: Je, masikio yote mawili yamepimwa? Kwa kipimo gani? Je, mtoto alizaliwa njiti, alipata manjano kali au alidungwa gentamisini? Na tarehe ya kurudi kliniki ni lini?

Uziwi ukithibitika, lugha haingoji kifaa. Lugha ya alama yaweza kuanza siku hiyo hiyo, na baba aliye Doha anaweza kujifunza pia, kwani simu yake yaonyesha mikono sawa na inavyopeleka sauti.