Kibera na Watu Milioni Moja: Historia ya Nambari Isiyohesabiwa

Leo tuweke msimbo kando kidogo tuzungumzie historia ya nambari moja. Mnaijua: "Kibera ina watu milioni moja." Kama uliishi Nairobi miaka ya 2000, hukuweza kuikwepa. Ilikuwa magazetini, kwenye filamu za mashirika na vinywani mwa wanasiasa.

Mimi pia nina dhambi hiyo. Niliwahi kuandika pendekezo la programu ya simu, na kwenye slaidi ya pili nikaweka hesabu tamu: tukipata asilimia moja tu ya wakazi wa Kibera, tayari tuna watumiaji 10,000. Hakuna aliyeniuliza nimeitoa wapi ile milioni. Nami sikujiuliza.

Halafu ikaja sensa. Makarani walihesabu watu usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2009, na matokeo yakatangazwa tarehe 31 Agosti 2010: Wakenya 38,610,097. Siku chache baadaye watu wakajumlisha maeneo yanayounda Kibera, wakapata 170,070. Laki moja na elfu sabini! Wengi walisema sensa imeharibika. Mashirika yalikuwa yamechapisha vipeperushi vya miaka mingi vyenye milioni ile, na haikuwa rahisi kuirudisha.

Sasa, kabla ya kumlaumu karani wa sensa, chukua rununu yako ufungue kikokotoo.

Hesabu ya kwanza. Sensa ya 1999 ilipata watu 2,143,254 katika Nairobi nzima. Kama Kibera pekee ilikuwa na milioni moja miaka ile, basi karibu nusu ya jiji lote iliishi hapo. Hata kwa hesabu ya 2009, Nairobi ikiwa na watu 3,138,369, Kibera ingekuwa na mtu mmoja kati ya kila watatu. Je, Kayole, Dandora, Eastleigh, Mathare, Kawangware, Umoja, Mukuru na Korogocho wanaishi akina nani?

Hesabu ya pili. Mtaa wenyewe una ukubwa wa takriban kilomita za mraba 2.5, yaani mita za mraba milioni mbili na nusu. Gawanya kwa watu milioni moja: kila mtu anapata mita za mraba 2.5. Hilo ni godoro la futi 6 kwa 4 na nafasi kidogo ya kuweka viatu. Na hapo bado hujatoa reli, vichochoro, mito, makanisa, misikiti, shule na vibanda vya biashara, katika mtaa ambao nyumba zake nyingi hazikuwa na ghorofa.

Hesabu hizi hazihitaji shahada ya takwimu. Zingeweza kufanywa mwaka 2000, na mtoto wa darasa la saba angezimaliza kwa dakika kumi.

Basi kwa nini hazikufanywa? Nionavyo mimi, ni kwa sababu ile nambari ilimfaa kila mtu. Shirika linaloomba fedha lilitaka tatizo kubwa. Mwandishi alitaka kichwa cha habari. Mwanasiasa alitaka kura nyingi nyuma yake. Sisi watengeneza programu tulitaka soko. Ripoti moja ikitoa makadirio mapana, kutoka laki kadhaa hadi milioni, anayeinukuu anachukua ile ya juu. Anayefuata anamnukuu huyo, na ule upana wa makadirio umeshapotea njiani. Baada ya miaka michache kuna kurasa mia mtandaoni zinazosema jambo moja, na unadhani una mashahidi mia, kumbe ni mmoja aliyerudiwa mara mia.

Sisemi 170,070 ni neno la Mungu. Sensa nayo hukosea, hasa mahali ambapo mlango mmoja una vyumba sita na wapangaji wanaingia usiku wa manane. Mipaka pia ina utata: ukihesabu vijiji vya mabanda peke yake utapata jibu moja, ukiongeza Olympic, Ayany na Fort Jesus utapata jingine. Watafiti waliohesabu nyumba kwa nyumba katika kijiji cha Kianda, kisha wakakadiria mtaa mzima, walipata kati ya 235,000 na 270,000. Mwenye kutaka kubishana na sensa ana hoja hapo. Lakini ubishi huo ni wa laki moja na nusu hadi laki tatu hivi. Milioni haimo.

Na angalieni kichekesho hiki. Siku ileile ya matokeo, serikali ilikataa hesabu za wilaya 8 za Kaskazini Mashariki na Turkana. Sababu ilikuwa ya kitakwimu: watu walikuwa wameongezeka kuliko vizazi na vifo vinavyoweza kueleza. Ukaguzi wa namna hiyo ni halali kabisa. Ila milioni ya Kibera ilipita miaka yote hiyo bila ukaguzi wowote, kwa sababu haikumuudhi yeyote.

Mtu atauliza, kuna ubaya gani kuongeza chumvi kwa ajili ya maskini? Ubaya upo kwenye kugawanya. Tuseme umejenga vyoo vinavyotosha watu 50,000. Ukigawanya kwa milioni umefikia asilimia 5, na utasema kazi haijaanza. Ukigawanya kwa 170,070 umefikia karibu asilimia 30, na unaweza kuuliza ni vijiji gani vimebaki. Nambari mbovu ya chini inaharibu kila asilimia iliyo juu yake, na mtaa wa jirani usio na jina kubwa unakosa hata choo kimoja.

Tena chumvi haikuhitajika. Watu 170,070 katika kilomita za mraba 2.5 ni kama watu 68,000 kwa kila kilomita, takriban mara 15 ya wastani wa Nairobi wakati huo. Hiyo peke yake ilitosha kumkosesha waziri usingizi.

Kwa upande wetu wa teknolojia, somo zuri lilitoka Kibera kwenyewe. Mwishoni mwa 2009, mradi wa Map Kibera uliwapa vijana wa mtaa vifaa vya GPS, wakatembea vichochoroni na kuingiza visima, vyoo, zahanati na shule kwenye OpenStreetMap. Kabla ya hapo mahali hapo palikuwa karibu patupu kwenye ramani za mtandaoni. Dunia nzima ilijua "idadi" ya watu wa Kibera, lakini haikujua choo kiko wapi.

Ile programu yangu haikufika popote, msiniulize. Lakini tangu siku hiyo, mtu akiniletea slaidi yenye nambari kubwa ya mviringo, namwomba kwanza anionyeshe nani alihesabu.