Gurudumu, Rimu na Tairi: Historia ya Kupanua Magurudumu na Haja ya Istilahi Zake

Kati ya mambo yanayoikabili kazi ya kusanifisha istilahi, lipo hili: kwamba maneno yaliyoingia katika lugha kwa mlango wa gereji huwa yamekwisha kuzoeleka kabla ya kufafanuliwa. Gurudumu, rimu, tairi na mpira ni mfano wake. Katika mazungumzo ya kila siku maneno haya manne hupokezana nafasi bila madhara makubwa. Lakini mwenye gari anapoazimia kulifungia magurudumu mapana zaidi ili liende kasi na kukamata barabara vizuri, mkanganyiko wa maneno hugeuka kuwa mkanganyiko wa vipimo, na kipimo kilichokosewa katika gurudumu ni jambo la uhai na mauti. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi historia ya kupanuka kwa gurudumu la gari, kisha tupendekeze namna ya kuzitaja dhana zake.

Mpira na tairi

Lugha yetu haikuyapokea mambo ya gari mikono mitupu. Neno gari lenyewe tulilipata kutoka Bara Hindi. Usukani tuliuchukua kwa mabaharia, ambao nao waliupata kwa Waarabu. Na mpira ulikuwa jina la utomvu na mmea wake kabla ya kuwa jina la kitu kinachoviringika chini ya gari.

Charles Goodyear wa Marekani aligundua mwaka 1839 jinsi ya kuuimarisha mpira kwa kiberiti na moto. Robert William Thomson, Mskoti, alipata hataza ya gurudumu la upepo mwaka 1845, lakini wazo lake halikushika. Lilifufuliwa mwaka 1888 na John Boyd Dunlop katika mji wa Belfast, alipoifungia mipira ya upepo baiskeli ya mwanawe yenye magurudumu matatu. Tangu hapo dunia ikawa na kiu ya mpira. Kiu hiyo ilikuwa na gharama yake Afrika: katika Kongo iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold II, kuanzia 1885 hadi 1908, wananchi walilazimishwa kwa mateso makali kuleta utomvu msituni. Katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani nako yalipandwa mashamba ya mpira, mpaka bei ilipoanguka mwaka 1913. Kwa hiyo neno mpira lina historia nzito kuliko inavyodhaniwa, na si ajabu kwamba limebeba maana nyingi: mmea, utomvu, kitu cha kuchezea, na tairi. Kwa sababu ya wingi huo wa maana, hapana budi neno tairi libaki na kazi yake maalumu.

Kutoka wembamba hadi upana

Ndugu André na Édouard Michelin waliendesha gari lenye matairi ya upepo katika mashindano ya Paris–Bordeaux–Paris mwaka 1895. Walipata pancha nyingi, lakini walithibitisha kuwa gari laweza kubebwa na hewa. Kwa muda mrefu baadaye tairi lilibaki jembamba na refu, nyuzi zake zikiwa zimepangwa mshazari na kupishana. Mageuzi makubwa yalikuja pale kampuni ya Michelin ilipoandikisha mwaka 1946 tairi la radiali, ambalo nyuzi zake hukata moja kwa moja kutoka mdomo mmoja wa tairi hadi wa pili, huku mshipi wa chuma ukikaza sehemu inayokanyaga barabara. Tairi hilo liliingia sokoni mwaka 1949. Kwa kuwa sasa ubavu na sehemu ya kukanyagia zilitengana kikazi, ikawezekana kutengeneza tairi lenye ubavu mfupi na uso mpana.

Historia ya gari moja la Kijerumani, Porsche 911, yatuonyesha mabadiliko hayo waziwazi. Lilipoanza kuuzwa mwaka 1964, rimu zake zilikuwa na upana wa inchi 4.5 tu, na matairi ya milimita 165. Injini yake ilikaa nyuma ya ekseli ya nyuma. Hivyo dereva aliyeondoa mguu kwenye mafuta ghafla katikati ya kona aliweza kuona mkia wa gari ukitaka kutangulia. Watengenezaji walijibu kwa njia mbili. Kwanza, katika magari ya mwaka 1969, waliongeza umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kutoka milimita 2,211 hadi 2,268. Pili, walipanua rimu hatua kwa hatua. Gari la Carrera RS 2.7, lililoonyeshwa Paris mwezi wa Oktoba 1972, lilikuwa na rimu za inchi 6 mbele na inchi 7 nyuma, na madigadi ya nyuma ilibidi yatanuliwe ili yazifunike. Katikati ya miaka ya 1970, tairi la Pirelli P7 lilishusha ubavu zaidi, hata kimo chake kikawa nusu ya upana. Wenye magari ya kawaida, kwa kuyaona haya, wakaanza kuiga.

Hesabu iliyojificha ubavuni

Waigaji wengi waliona upana, hawakuiona hesabu. Matairi ya mbele ya Carrera RS yaliandikwa 185/70 VR 15, na ya nyuma 215/60 VR 15. Tarakimu ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia ya upana huo. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Tukipiga hesabu, tairi la mbele lina kipenyo cha milimita 640, na la nyuma 639. Yaani tairi lilipanuka kwa milimita 30 bila kubadili kimo cha gurudumu. Mtu aongezaye upana bila kupunguza asilimia huliinua gari lake, huidanganya mita ya mwendo, na hatimaye huisaga madigadi.

Hapa pana kosa la lugha ambalo limeenea sana. Mafundi na wanunuzi wengi huisoma herufi R kuwa ni rimu, wakasema "rimu kumi na tano". Herufi hiyo huonyesha kuwa tairi ni la radiali. Herufi V iliyo kabla yake, kwa desturi ya wakati ule, ilionyesha kuwa tairi liliruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita 210 kwa saa, ilhali S ilikomea 180. Asiyejua kuisoma herufi hii aweza kulivisha gari la mbio tairi lisilostahimili mbio.

Dhana ya pili inayohitaji jina ni ile sehemu ya tairi inayogusa ardhi kwa wakati mmoja. Tunapendekeza iitwe unyayo wa tairi. Tairi lililobeba kilo 400, likiwa na upepo wa kilo 2 kwa sentimita ya mraba, lina unyayo wa takriban sentimita za mraba 200. Likiwa na upana wa sentimita 16, unyayo huo utakuwa na urefu wa sentimita 12.5, likiwa na upana wa 20, urefu utakuwa 10. Upana, basi, hubadili umbo la unyayo kuliko eneo lake. Unyayo mpana na mfupi hujibu usukani upesi na huvumilia kona. Lakini mvua inyeshapo una maji mengi zaidi ya kusukuma mbele yake, na huelea mapema.

Mhamo wa rimu

Dhana ngumu kuliko zote ni umbali kati ya mstari wa katikati ya rimu na uso unaokaza kwenye habu. Wajerumani huuandika kwa herufi ET. Sisi tunapendekeza mhamo. Uso huo ukiwa upande wa nje wa mstari wa katikati, mhamo ni chanya. Ukiwa upande wa ndani, mhamo ni hasi, na gurudumu hujitokeza nje. Rimu ikipanuliwa kutoka inchi 6 hadi 7 bila kubadili mhamo, kila upande huongezeka milimita 12.7: wa ndani husogelea springi na mikono ya ekseli, wa nje husogelea madigadi. Fundi akichomeka spesa ya milimita 20, amepunguza mhamo kwa kiasi hicho hicho. Beringi hubeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi, na usukani huvutwa na kila shimo la barabara. Madhara haya hayaonekani siku ya kufunga. Huonekana baada ya miezi, na aghalabu kwenye mwendo mkali.

Mapendekezo

Kwa hiyo tunashauri: gurudumu liwe jina la kitu kizima, rimu liwe la chuma au aloi, tairi liwe la vazi la nje, na sehemu zake ziitwe mdomo, ubavu na kashata, unyayo uwe wa mguso wa ardhi, na mhamo uwe wa kipimo tulichokieleza. Maneno kashata na kipara yametoka kwa mafundi wenyewe, nayo ni ushahidi kwamba gereji nayo ni chuo cha lugha. Wajibu wetu ni kuyapokea yaliyo bora na kuyawekea mipaka, ili mnunuzi, muuzaji na fundi wanapotaja neno moja wawe wanakusudia kitu kimoja. Wasomaji wenye maneno yanayofaa zaidi, hasa mafundi, wanaombwa wayalete yapimwe.