Geuza Kiatu Uone Soli

Neno mpira lina kazi tatu katika Kiswahili. Ni kitu kinachodunda, ni mchezo unaochezwa nacho, na ni utomvu wa mmea unaokifanya kidunde. Neno raba nalo lina mbili: kwa mkono wa mwanafunzi ni kifutio, kwa mguu wake ni kiatu. Anayetafuta viatu vya tenisi anatafuta raba za kuchezea mpira, na maneno hayo mawili ukiyafuata hadi mwanzo yanakufikisha kwenye utomvu ule ule. Mimi nimeyafuata kwa sababu mpwa wangu, binti wa miaka 13, ameanza tenisi kwenye uwanja wa zege, na kazi ya kumchagulia viatu imeniangukia mimi, mjomba wake.

Tenisi tunayoijua leo isingewezekana bila utomvu huo. Mwaka 1844 Mmarekani Charles Goodyear alipewa hataza ya kupika mpira pamoja na salfa ili usinate kwenye joto wala kukakamaa kwenye baridi. Kabla ya hapo tenisi ilichezwa ndani ya majengo, kwa mipira iliyojazwa manyoya na vitambaa. Mipira hiyo ukiirusha kwenye majani inalala. Mpira wa Goodyear ulidunda, na mwaka 1874 Meja Walter Clopton Wingfield alipata hataza Uingereza ya tenisi ya kuchezwa nje. Miaka mitatu baadaye yakafanyika mashindano ya kwanza ya Wimbledon. Tangazo lake liliwataka wachezaji waje na raketi zao, na wavae viatu visivyo na visigino.

Tulitazame vizuri sharti hilo, kwa sababu lilitungwa kwa ajili ya majani. Kisigino cha kiatu cha mjini kingeyachimba. Kwa hiyo kiatu cha tenisi kilichaguliwa kwanza kwa faida ya uwanja, na mguu ukafuata. Raba za turubai zenye soli bapa, ambazo Waingereza walikuwa wakivaa ufukweni, zilifaa kabisa. Waliziita plimsoll. Inasemekana jina lilitokana na ukanda wa mpira ulioizunguka raba, uliofanana na mstari wa kina kwenye ubavu wa meli, ule uliopewa jina la mbunge Samuel Plimsoll. Maji yakipita mstari, umelowa.

Mpira wa soli hizo ulitoka wapi? Mwingi ulitoka misitu ya Brazili, na kiasi fulani kilitoka kwetu. Katika misitu ya pwani ya Afrika Mashariki kuna mmea unaotambaa juu ya miti, ndugu wa mbungo, yule tunayekunywa juisi yake. Wataalamu wanauita Landolphia kirkii, kwa heshima ya John Kirk, mwanabotania aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Zanzibar. Wachumaji waliukata, wakaukusanya utomvu na kuuviringisha kuwa madonge. Madonge hayo yaliuzwa Zanzibar na kupakiwa melini katika miaka ile ile ambayo Waingereza walikuwa wakichora mistari ya chokaa kwenye bustani zao. Siwezi kusema donge lipi lilikuwa soli ya nani. Sokoni Liverpool mpira wa kila msitu ulikutana.

Kongo habari ilikuwa ya damu. Baada ya John Boyd Dunlop kutengeneza tairi la upepo mwaka 1888, mahitaji ya mpira yalipanda, na mawakala wa Mfalme Leopold II wakawalazimisha wanakijiji kuleta utomvu wa porini kwa kipimo. Waliopungukiwa walipigwa, walitekwa, waliuawa. Mwaka 1904 mmishonari Alice Seeley Harris alimpiga picha Nsala, baba aliyeketi barazani akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo, vyote vimekatwa. Picha hiyo ilisaidia kumwondolea Leopold nchi ile mwaka 1908. Tangu niione, siwezi kuugusa mpira wa kiatu bila kujua kwamba ulikuwa na bei ambayo haikuandikwa kwenye boksi.

Tenisi ilipofika miji ya kikoloni ya Afrika Mashariki ilikuja na uzio. Klabu zilikuwa za rangi: Wazungu na yao, Wahindi na yao, Wagoa na yao. Kijana wa Kiafrika aliingia uwanjani kuokota mipira. Raba zenyewe zilitufikia kwa mlango mwingine, ule wa shule na duka la Bata, hasa baada ya kampuni hiyo kujenga kiwanda Limuru, Kenya. Zilikuwa za turubai, soli bapa, za kupakwa chokaa nyeupe kabla ya gwaride. Umbo lilikuwa la tenisi. Walichokosa wengi ni uwanja.

Katika miaka ya 1960 adidas ilitoa kiatu cha tenisi cha ngozi kwa jina la Mfaransa Robert Haillet. Baadaye kikapewa jina la Mmarekani Stan Smith, bingwa wa Wimbledon wa mwaka 1972. Leo wengi wanaokivaa hawajawahi kushika raketi, na hapo ndipo historia inapomsumbua mnunuzi.

Pale Karume, Ilala, muuza mitumba alinipa kiatu cheupe kizuri. "Hii ya tenisi kabisa, kaka." Nilikigeuza. Soli ilikuwa laini, imeisha mistari, ya kutembelea tu. Akanipa cha pili, cha kukimbilia: kisigino kimeinuka, sponji nene. Mkimbiaji huenda mbele tu. Mchezaji wa tenisi hukimbia upande, husimama ghafla, hurudi. Kwenye kiatu kilichoinuka hivyo, kifundo cha mguu ndicho kinacholipa.

Cha tatu nilikishika pua na kisigino, nikakikamua kama nguo. Kilikataa kujipinda, ila kilikunjika pale vidole vinapokunjika. Kuta zake za pembeni zilikuwa ngumu, pua imefunikwa mpira, na soli ina mistari ya pindapinda isiyolika upesi kwenye zege. Kwa uwanja wa udongo ningetaka mistari hiyo iwe ya kina, iteleze kidogo na kudondosha vumbi. Kwa majani ningetaka vinundu. Niliikunja soli nikiangalia nyufa, maana kiatu kilichokaa ghalani miaka mingi huachia gundi siku ya kwanza. Binti alikijaribu na soksi zake za kuchezea, jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo, ikabaki nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Tulikubaliana Sh 45,000.

Viwanja bado vina sauti katika jambo hili. Mwaka 2013, miaka 136 baada ya tangazo lile la visigino, Wimbledon ilimwambia Roger Federer, bingwa wake mara saba, asirudi na viatu vyenye soli ya rangi ya chungwa. Soli iwe nyeupe. Mwaka 2022 Angella Okutoyi wa Kenya, pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, walitwaa ubingwa wa wasichana wa wawili wawili kwenye majani ya klabu hiyo hiyo. Kanuni ya soli nyeupe ilimhusu Okutoyi kama ilivyomhusu Federer. Safari hii Mwafrika wa Mashariki alikuwa ndani ya mistari, na mipira iliokotwa na wengine.