Somo, Singo na Kamera

Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia bintiye utendi wa mawaidha. Katikati ya mambo ya dini na adabu za nyumbani alipenyeza mafunzo ya urembo: kuoga na kujisinga, kufunga nywele, kutunga asumini, kutia wanja machoni na nyusini, kutoiacha hina ikafifia. Wengi huusoma utendi huo kwa ajili ya ndoa na utiifu. Mpambaji akiusoma, ataona mkoba wa kazi umefunguliwa mbele yake.

Mkoba huo ulikuwa na umri mkubwa hata wakati ule. Kilwa Kisiwani, ambako Neville Chittick alichimba miaka ya 1960, vilifukuliwa hata vijiti vya shaba vya kupakia wanja. Wanja wa manga wa asili husagwa kutokana na jiwe lenye madini ya risasi, ndiyo maana madaktari wa leo hawaupendi, hasa kwa watoto. Salme binti Said, binti wa Sultani wa Unguja aliyehamia Ujerumani, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886, na humo anayaeleza kwa kirefu mavazi, vito na manukato ya wanawake wa jumba la kifalme. Inafaa kuyatilia maanani manukato hayo. Uzuri wa Pwani ulianzia puani.

Aliyeusimamia alikuwa somo, au kungwi kama wengine wamwitavyo: mwanamke mtu mzima aliyekabidhiwa binti tangu anapovunja ungo, akamfunza, na siku za harusi zilipofika akamtengeneza. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo anawataja makungwi katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa mwaka 1903. Ujira wao ulikuwa zawadi, nguo na heshima, tena heshima isiyokwisha baada ya fungate.

Kazi yenyewe ilichukua siku kadhaa. Binti aliwekwa ndani, akakingwa na jua, akasingwa. Liwa husuguliwa juu ya msio, kile kibao cha jiwe la matumbawe, huku marashi ya mawaridi yakidondoshwa kidogo kidogo mpaka upatikane uji mzito wa rangi ya maziwa yaliyotiwa chai. Huchanganywa na karafuu iliyosagwa, mlangilangi, asumini na mrehani, kila nyumba na kipimo chake. Hiyo ndiyo singo. Hupakwa mwili mzima, huachwa ikauke hadi ivute ngozi, kisha husuguliwa kwa kiganja mpaka ianguke mkekani vipande vipande pamoja na taka. Baadaye huja dalia, udi wa kufukiza nguo juu ya chetezo, na kikuba kifuani. Uso haukupewa zaidi ya wanja na nyusi zilizotindwa vizuri. Mtu aliyetarajiwa kuuthamini urembo huo angekuwa karibu kiasi cha kusikia harufu yake.

Poda na rangi ya mdomo zilipoingia madukani katika karne ya ishirini, ziliingia pamoja na ubishi. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na katika orodha ya vitu vilivyopigwa vita Dar es Salaam, pamoja na sketi fupi na mawigi, zilikuwamo krimu za kujichubua. Kuhusu krimu hizo, vijana wale hawakukosea: zebaki na haidrokwinoni bado zinaharibu ngozi za watu. Shida ni kwamba waliziweka kapu moja na sketi.

Aliyetaka rangi inayolingana na ngozi yake alikuwa na tatizo jingine. Iman, Msomali aliyesoma Chuo Kikuu cha Nairobi, amesimulia jinsi mpambaji alivyomwuliza, katika moja ya kazi zake za mwanzo za uanamitindo huko New York, kama amekuja na faundesheni yake mwenyewe. Alianza kujichanganyia, na mwaka 1994 akaanzisha kampuni ya vipodozi kwa jina lake. Fenty Beauty ilipoingia sokoni mwaka 2017 na rangi 40 za faundesheni, ilichukuliwa kama mapinduzi. Kwa wapambaji wa Mombasa na Dar es Salaam, waliozoea kuchanganya chupa mbili tatu mgongoni mwa mkono, ilikuwa nafuu iliyochelewa.

Mpambaji wa leo anaifanyia kazi kamera. Rangi anaijaribu shingoni au taya, maana uso mara nyingi hutofautiana na mwili. Weusi wa chini ya macho anauzima kwanza kwa rangi ya chungwa, kwa sababu konsila ya rangi hafifu ikipakwa moja kwa moja juu ya ngozi nyeusi huacha kijivu. Poda nyeupe huiepuka, kwani taa ya kamera huirudisha kama unga. Joto la Pwani nalo lina masharti yake: tabaka nyembamba, zikandamizwe kwa sponji, la sivyo kabla bibi harusi hajatolewa mbele ya wanawake usiku wa kupamba, mekapu imeshateremka. Malipo ni fedha taslimu, nusu yake mapema, na siku ya pili mpambaji yuko kwa bibi harusi mwingine.

Hina imesalimika katika mabadiliko haya kwa sababu inaonekana pichani. Pamoja nayo imeenea piko, michoro myeusi inayotumia rangi ya kutia nywele; rangi hiyo huwa na kemikali inayoweza kubabua ngozi na kuacha kovu lenye umbo la mchoro wenyewe. Hina halisi haifanyi hivyo. Hutoka rangi ya chungwa, ikakolea ndani ya siku moja au mbili, na hushika zaidi viganjani na nyayoni, penye ngozi nene.

Desemba 2024 UNESCO iliiingiza hina katika orodha ya urithi usioshikika kwa maombi ya nchi 16 za Kiarabu, Oman ikiwa mojawapo. Tanzania na Kenya hazimo. Utaratibu unaruhusu nchi nyingine kujiunga baadaye, na ushahidi wa kuanzia upo kwenye utendi wa mwaka 1858.