Kolo (Wilaya ya Kondoa, Mkoa wa Dodoma)

Kijiji kilicho kando ya barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Arusha, mashuhuri kwa michoro ya miambani iliyotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Azuruye eneo la michoro la Mungumi wa Kolo, akiisha kukwea majabali, huona viwiliwili vya watu, virefu na vyembamba, pamoja na wanyama, vingi kwa rangi nyekundu. Mwanaakiolojia Mary Leakey aliinakili mingi ya michoro hiyo mwaka 1951. Lakini lililo adhimu zaidi, kwa rai yetu, ni kwamba mahali hapa pangali pa ibada, ambapo wenyeji huja kutambika, wakinyunyiza pombe na kuomba mvua na afya, hata mgeni yampasa kuingia kwa taadhima ileile aingiayo nayo msikitini au kanisani, wala asiguse mwamba.