Baba mdogo na kilopaskali 27

Nimekuwa kimya kidogo, nilikuwa nyumbani Londiani. Kule baridi si mchezo, na wazee wengi hujipasha moto kwa chang'aa. Sheria ya 1980 iliipiga marufuku, ya 2010 ikairuhusu kwa masharti, lakini ini halijui sheria. Baba mdogo amekunywa miaka mingi. Juzi alipimwa mjini, akarudi na karatasi imeandikwa kilopaskali 27. Akaniuliza, "Wewe mtu wa kompyuta, hii ndiyo siku yangu ya kufa?"

Sikuwa na jibu, nikaenda kuchimba.

Zamani daktari alibonyeza tumbo kwa vidole tu. Mwaka 1883 Paul Ehrlich, Mjerumani, alichoma sindano na kutoa kipande kidogo cha ini. Njia hiyo ipo hadi leo, ila inauma na inaweza kuvujisha damu. Mwaka 1964 Child na Turcotte wa Marekani wakaanza kuwapanga wagonjwa kwa alama: damu ikoje, tumbo lina maji, akili imechanganyika? Huo ulikuwa utabiri bila picha.

Picha zilitoka kiwandani. Mwaka 1955 Ian Donald, daktari wa Glasgow, alipeleka uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa kwenye kiwanda cha boila, ukapimwa kwa mashine ya kutafuta nyufa za chuma kwa mawimbi ya sauti. Mwaka 1958 akachapisha picha zake, na ultrasaundi ikaanza kuingia hospitalini. Mwaka 1971 Godfrey Hounsfield, mhandisi wa EMI, akampiga mgonjwa wa kwanza skani ya CT huko London. Hapo ndipo kompyuta ilipoanza kuchora ndani ya mwili.

Lakini picha ya kawaida huonyesha umbo, haipimi ugumu. Mwaka 2003 Wafaransa wakaleta FibroScan. Mashine hugonga ubavu kidogo, kisha ultrasaundi hufuatilia jinsi mtikisiko unavyosafiri ndani ya ini. Ini likijaa makovu huwa gumu, na mtikisiko huenda mbio. Hesabu yake ni rahisi: kasi (mita kwa sekunde) mara yenyewe, mara 3. Kasi ya 1.3 hutoa kilopaskali 5 hivi, ini zima. Kasi ya 3 hutoa 27, ile ya baba mdogo!

Mwaka 2021 wataalamu wa Baveno walikubaliana hivi: chini ya 10, hatari ya kufa kwa ini ndani ya miaka 3 ni ndogo mno. Kuanzia 25, kwa ini la pombe, shinikizo la damu kwenye mshipa wa ini limeshapanda, na mishipa ya koo inaweza kupasuka.

Sasa sikilizeni. Ini lililovimba kwa pombe ya jana nalo husoma gumu, hata kama makovu si mengi hivyo. Mtu akiacha kunywa, namba mara nyingi hushuka ndani ya wiki chache. Sisi waandika programu tunajua: data ikiingia chafu, jibu hutoka chafu.

Basi nikamwambia: "Baba, hiyo si tarehe. Ni onyo. Acha pombe, ila usikate ghafla bila daktari, maana mwili uliozoea unaweza kupata kifafa. Kisha tupime tena."

Alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza nauli ya kwenda mjini ni ngapi.