Nani Atangulie? Historia Fupi ya Foleni ya Wagonjwa wa Dharura



Mwaka huu tunachangia chumba cha kupokelea wagonjwa wa dharura katika kituo chetu cha afya. Ni vyema tujue wazo hili lilikotoka.

Katika vita vya Napoleon, daktari wa jeshi la Ufaransa, Dominique Jean Larrey, alishikilia kanuni moja: aliyeumia zaidi ahudumiwe kwanza, bila kujali cheo chake. Hapo ndipo ilipo mizizi ya kazi ya kuchambua wagonjwa.

Karibu nasi zaidi ni Blantyre, Malawi. Katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, watoto wengi waliofariki walikuwa wakifariki ndani ya saa 24 baada ya kulazwa. Mwaka 2001 mapokezi ya watoto yalipangwa upya. Kila mtoto alitazamwe mara afikapo: anapumua vizuri? Mikono yake ni ya baridi? Ana degedege? Ameishiwa maji mwilini? Mwenye dalili hizo hakukaa tena kwenye benchi, alipelekwa moja kwa moja kutibiwa. Kabla ya hapo, kati ya watoto 100 waliolazwa, walifariki 10 hadi 18. Baadaye idadi ikashuka hadi 6 au 8. Yaliyobadilika zaidi ni mpangilio na mafunzo, wala si mitambo ya gharama kubwa.

Mwaka 2004, wataalamu wa Cape Town, Afrika Kusini, walianza kutengeneza kipimo cha rangi kinachotumia upumuaji, mapigo ya moyo, presha, joto la mwili na fahamu. Muuguzi anaweza kukifanya mwenyewe pale mlangoni. Nyekundu haisubiri, kijani inaweza kusubiri.

Hapa Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara yake ya tiba ya dharura mwaka 2010, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Muhimbili kikaanza kusomesha madaktari bingwa wa fani hiyo.

Historia hii inatufundisha pia kwamba msongamano hauanzii mlangoni peke yake. Mgonjwa aliyekwisha kuonwa akikosa kitanda wodini, au akingoja majibu ya maabara na gari la rufaa, hubaki chumba cha dharura, na anayefuata hukosa pa kuwekwa. Ukipanua mlango bila kufungua njia ya kutokea, umeongeza watu wa kusubiri tu.

Kwa hiyo mchango wenu hautakuwa wa matofali peke yake. Tunataka meza ya uchambuzi mlangoni, vipimo vya presha na oksijeni, kitanda cha kumhudumia aliye mahututi, mafunzo kwa wauguzi wetu, na akiba ya mafuta ya gari la rufaa.

Wengi wetu tumewahi kukaa kwenye benchi lile tangu alfajiri, tumepakata mtoto, tukihesabu waliotutangulia. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwa mtoto mwenye degedege, huua.

Tunawaomba kila mmoja atoe alichojaliwa, na anayetoa amkumbushe jirani.